Taimauti isiyo taimauti: uhakiki wa namna libpcap inavyotufundisha kusubiri

Karibu kila mtu aliyewahi kuandika programu ya kunasa pakiti za mtandao kwa lugha ya C ameanza na mistari ileile. Unafungua kadi ya mtandao kwa pcap_open_live, unaweka kichujio, halafu unaita pcap_loop na kuikabidhi jina la funksheni yako itakayopokea kila pakiti. Unaendesha programu, pakiti zinatiririka kwenye skrini, kazi imekubali. Unaihifadhi, unaendelea na mambo mengine.

Shida inakuja siku mtandao unaponyamaza. Programu ilitakiwa iandike ripoti kila baada ya sekunde kumi, haiandiki. Ilitakiwa itoe tahadhari kiungo kikikatika, haitoi. Unabonyeza Ctrl na C, haisimami. Kisha pakiti moja inapita, na ghafla kila kitu kinatokea kwa mpigo: ripoti inaandikwa, tahadhari inatoka, programu inajifunga.

Sasa jiulize, programu ya kuangalia mtandao inahitajika zaidi lini? Ni pale mambo yanapoharibika, na mara nyingi kuharibika kwa mtandao huonekana kama kimya. Kebo ikikatika hakuna pakiti inayokuja kukupa taarifa kwamba kebo imekatika. Kwa hiyo programu inayoamshwa na pakiti peke yake haiwezi kukuambia kwamba pakiti hazipo. Hilo ni pengo kubwa kwa chombo ambacho kazi yake ni kushuhudia.

Lawama hapa huwa anatupiwa mwanafunzi aliyeandika programu: hakusoma maelezo, hajui ishara, hajui nyuzi. Mimi naona sehemu kubwa ya kosa iko kwenye maktaba yenyewe ya libpcap na kwenye mafunzo ya mwanzo yanayotumika kuifundisha. Maktaba hii imekusanya maswali mawili tofauti kwenye namba moja, ikaipa namba hiyo jina linaloahidi kisichokuwepo, kisha ikaweka onyo mahali ambapo mtu anafika akiwa tayari ameshakwama.

Kusubiri kwenyewe si kosa

Tuanze kwa haki. Wito unaozuia ni wito ambao ukiuita, programu yako inasimama palepale mpaka jibu lipatikane. Kerneli inailaza programu na kuwapa wengine nafasi ya kutumia prosesa. Hakuna ubaya wowote hapo. Kinyume chake ni programu inayouliza bila kupumzika: ipo pakiti? ipo pakiti? ipo pakiti? Programu ya namna hiyo inamaliza prosesa nzima kwa kazi ya kuuliza tu, na kwenye kompyuta ndogo utasikia feni inalia.

Kulala ni sawa. Cha kuuliza ni nani anayeweza kukuamsha. Programu ya kunasa pakiti inatakiwa iamshwe na watatu. Wa kwanza ni pakiti. Wa pili ni saa, yaani muda niliojipangia umefika hata kama hakuna kilichotokea. Wa tatu ni mtu: mtumiaji amebonyeza kusimamisha, au uzi mwingine wa programu hiyohiyo unataka tufunge. Kwa matumizi yale yanayofundishwa mwanzo, libpcap inakuhakikishia wa kwanza tu. Hao wawili waliobaki unawapata kwa bahati, kutegemea mfumo endeshi, toleo la maktaba, na wakati mwingine toleo la kerneli.

Daladala haiondoki mpaka ijae

Ili tuelewe tulifikaje hapa, turudi Berkeley, California. Libpcap ilizaliwa kutoka ndani ya tcpdump kwenye maabara ya Lawrence Berkeley, mikononi mwa Van Jacobson, Craig Leres na Steven McCanne. Kwenye mkutano wa USENIX wa majira ya baridi ya mwaka 1993, McCanne na Jacobson waliwasilisha andiko lao kuhusu BPF, utaratibu wa kuchuja pakiti ndani ya kerneli kabla hazijafikishwa kwenye programu.

Wazo lao moja lilikuwa la kiuchumi kabisa. Kuvuka mpaka kati ya kerneli na programu kuna gharama. Ukivuka mara moja kwa kila pakiti, gharama inakumaliza. Ethaneti ya gigabiti 1 kwa sekunde ikijazwa pakiti za ukubwa wa chini kabisa inapitisha takriban pakiti 1,488,000 kila sekunde. Hakuna mtu anayetaka kuamshwa mara milioni moja na nusu kwa sekunde. Basi kerneli inazikusanya kwenye bafa, na kuzikabidhi kwa mkupuo.

Hii ndiyo daladala unayoijua. Haiondoki na abiria mmoja, inasubiri ijae. Kwa mwenye gari ni busara, mafuta ni yaleyale. Ila abiria wa kwanza aliyepanda saa 12 asubuhi anaweza kukaa humo hadi saa 2. Kwa hiyo kunawekwa masharti: hata isipojaa, baada ya muda fulani tunaondoka. Muda huo ndio ile namba unayoipa pcap_open_live, inayoandikwa to_ms, kwa milisekunde.

Swali ambalo namba hiyo inajibu ni hili: abiria aliyekwisha kupanda asubiri muda gani kabla gari halijaondoka? Ni swali la kucheleweshwa kwa pakiti ambazo zimeshafika. Anayesoma neno taimauti anafikiria swali jingine kabisa: mimi niliyeko kituo cha mwisho nisubiri muda gani kabla sijaambiwa leo hakuna gari? Maswali haya mawili yanafanana kwa mbali, lakini jibu la moja si jibu la lingine.

Madereva watatu, saa tatu

Kama mifumo yote ingekuwa na tabia moja, tungeizoea na kuendelea na maisha. Bahati mbaya kila dereva ana saa yake.

Kwenye mifumo ya ukoo wa BSD, macOS ikiwemo, saa inaanza kuhesabu pale programu yako inapoomba kusoma. Muda ukiisha, wito unarudi hata kama hakuna pakiti hata moja. Daladala inaondoka tupu. Aliyejifunzia hapa anaamini kabisa kwamba taimauti ni taimauti, na kwa mashine yake yuko sahihi. Ila akiweka sifuri akidhani sifuri maana yake ni haraka, atashangaa: sifuri kwenye mifumo hii maana yake ni hakuna saa, subiri bafa ijae. Mtandao ukiwa na pakiti chache, programu itaonekana imekufa.

Kwenye Linux ya zamani, kabla ya libpcap 1.0 ya mwaka 2008 kuleta bafa ya kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na kerneli, namba hiyo haikuwa na kazi. Hapakuwa na daladala, palikuwa na bodaboda: kila pakiti ilipakiwa peke yake na kuletwa papo hapo. Pakiti ikiwepo unaipata mara moja. Isipokuwepo unasubiri milele, hata uandike milisekunde 10.

Kwenye Linux ya leo hali ni ya tatu. Tangu libpcap 1.5.0 ya mwaka 2013, maktaba inatumia utaratibu wa kerneli unaoitwa TPACKET_V3, ambao unapanga pakiti kwenye vitalu. Kitalu kikijaa, au muda wake ukiisha kikiwa na kitu ndani, kinakabidhiwa. Mwanzoni kerneli ilikuwa ikikabidhi hata vitalu vitupu muda ukiisha. Kuanzia kerneli 3.19 hilo limeachwa, na libpcap nayo inasubiri bila kikomo, kwa hoja kwamba kerneli ndiyo itakayoamsha. Matokeo yake saa ipo na inafanya kazi, lakini gari tupu haliondoki. Ukiwa na pakiti moja, taimauti ya milisekunde 1000 inafanya kazi vizuri. Ukiwa na pakiti sifuri, wito wako haurudi.

Angalia maana yake. Msimbo uleule, namba ileile ya 1000, unarudi kila sekunde kwenye macOS, na haurudi kabisa kwenye Linux ikiwa mtandao umenyamaza. Mwanafunzi anaandika kwenye kompyuta yake ya mkononi, anajaribu, inakubali. Anaipeleka kwenye seva ya Linux inayolinda kiungo cha akiba, kile ambacho siku za kawaida hakipitishi kitu. Hapo ndipo inaganda.

Waandishi wa libpcap wanalijua hili. Maelezo rasmi ya sasa yanasema waziwazi kwamba muda huu usitumike kuhakikisha wito unarudi ndani ya kipindi fulani, kwa sababu mifumo mingine haiutumii na mingine haianzishi saa mpaka pakiti ya kwanza ifike. Hata jina limerekebishwa kwenye maelezo: zamani uliitwa muda wa kusoma, siku hizi unaitwa muda wa bafa ya pakiti. Hiyo ni hatua nzuri na nawapongeza. Lakini funksheni bado inaitwa pcap_set_timeout, na mtu anayeandika msimbo anaona jina la funksheni kabla hajaona aya ya nne ya maelezo. Jina ndilo mafunzo ya kwanza.

Kusimamisha kilicholala

Njoo kwa yule wa tatu, mtu. Libpcap ina funksheni ya pcap_breakloop. Jina linapendeza: vunja mzunguko. Ukiisoma haraka unadhani ukiiita, mzunguko unavunjika.

Kiuhalisia, kazi yake ya msingi ni kuinua bendera. Mzunguko wa kunasa ukipita pale bendera ilipo, unaiona na kutoka. Ila kama mzunguko umelala ndani ya kerneli ukisubiri pakiti, hauioni bendera. Umemwekea mtu aliyelala karatasi mezani: amka. Ataisoma akishaamka.

Kama unaiita kutoka kwenye kishika ishara, yaani funksheni inayoitwa mtumiaji anapobonyeza Ctrl na C, kuna kitu kinachoweza kukuokoa: ishara yenyewe inakatiza wito uliolala. Lakini kuna sharti. Mfumo endeshi unaweza kuambiwa wito ukikatizwa na ishara, uanze tena wenyewe. Ukitumia funksheni ya signal, ambayo ndiyo iko kwenye mifano mingi, BSD na glibc zote zinachagua tabia hiyo ya kuanza tena. Basi ishara inafika, bendera inainuliwa, na wito unarudi kulala kana kwamba hakuna kilichotokea. Dawa ni kutumia sigaction bila bendera ya SA_RESTART. Maelezo ya pcap_breakloop yanasema hivyo, lazima niseme kweli.

Kinachoudhi ni kwamba kosa hili linajificha. Linux ya leo inasubiri pakiti kwa kutumia poll, na kwenye Linux poll haianzi tena baada ya ishara hata ukiomba. Kwa hiyo msimbo wenye kosa unafanya kazi Linux. Uhamishie kwenye mfumo wa BSD na taimauti ya sifuri, na Ctrl na C haifanyi kitu mpaka bafa ijae. Umeona? Kwenye suala la saa aliyejaribu kwenye macOS ndiye aliyedanganyika, kwenye suala la ishara aliyejaribu kwenye Linux ndiye anayedanganyika. Hakuna mashine moja ya kujaribia itakayokuonyesha yote.

Na ukitaka kusimamisha kutoka uzi mwingine, hakuna ishara ya kukuokoa. Kwa miaka mingi kumwambia mtu aite pcap_breakloop kutoka uzi mwingine ilikuwa sawa na kumwambia aombe pakiti ije. Toleo la 1.10, lililotoka mwishoni mwa 2020, hatimaye limeongeza njia ya kuuamsha uzi uliolala kwenye kadi za mtandao za Linux. Ni marekebisho makubwa, na ukitumia toleo hilo au la baadaye kwenye Linux umepona. Kwingine, soma kwanza maelezo ya mfumo wako kabla hujaamini.

Mafunzo yanayoishia kwenye pakiti ya kumi

Kuna mafunzo ambayo wengi wetu tumepitia, yale ya Tim Carstens yaliyoko kwenye tovuti ya tcpdump, pamoja na mfano wake wa sniffex.c. Ni mafunzo mazuri kwa mambo mengi. Yanaeleza kichujio, yanaeleza namna ya kufumua kichwa cha Ethaneti, kisha cha IP, kisha cha TCP, kwa lugha rahisi. Nimewahi kuona maelezo ya hesabu za vielekezi ambayo ni mabaya zaidi kwenye vitabu vya bei kubwa.

Ila tazama mfano wenyewe unavyomalizika. Unaiambia pcap_loop inase pakiti 10 kisha irudi. Hiyo inampa msomaji picha kwamba kusimamisha programu ni suala la kuhesabu. Je, zikija 9? Mfano hauna jibu, kwa sababu uliandikwa kwa mtandao wenye shughuli. Kwenye darasa zima la mafunzo, hali ya kimya haimo. Mtu anatoka akiwa anajua kufumua pakiti kwa ufasaha na hajui hata kidogo namna ya kushughulika na kukosekana kwake.

Mafunzo hayo pia yanaanza na pcap_next, funksheni inayorudisha pakiti moja. Isipopatikana inarudisha kielekezi kitupu. Lakini inarudisha kitupu pia kosa likitokea, na huna namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Kwa chombo cha kutazama, kushindwa kutofautisha "sioni kitu" na "macho yameharibika" ni kasoro isiyosameheka. Ndugu yake, pcap_next_ex, anatofautisha: 1 ni pakiti imepatikana, 0 ni muda umeisha, -1 ni kosa. Kwa maoni yangu pcap_next isingefundishwa tena, hata kama urahisi.

Na fikra hii haiko kwenye C peke yake. Scapy ya Python, ambayo kwenye Linux kwa kawaida inatumia soketi zake yenyewe bila libpcap, ina kigezo kinachoitwa stop_filter: unaipa funksheni ya kuamua kama tuache kunasa. Funksheni hiyo inaulizwa pale pakiti inapofika. Hakuna pakiti, hakuna swali, hakuna kusimama. Watu wameijengea vitufe vya "simamisha" kwenye programu za madirisha na kushangaa kitufe hakifanyi kazi. Kwa haki, Scapy imeleta AsyncSniffer yenye njia ya kweli ya kusimamisha, na taimauti ya Scapy ni taimauti kweli.

Kuzuia kwa ndani

Mpaka hapa nimezungumzia kuzuia wakati wa kusubiri pakiti. Kuna kuzuia kwingine ambako hakusemwi sana, kule kunakotokea ndani ya funksheni yako ya kupokea pakiti.

Muda wote funksheni yako inapofanya kazi, hakuna anayetoa pakiti kwenye bafa. Bafa ya kawaida ya libpcap kwenye Linux ni mebibaiti 2. Kiungo cha gigabiti 1 kikijaa kinapitisha megabaiti 125 kwa sekunde. Piga hesabu: bafa inajaa kwa takriban milisekunde 17. Ukiandika kwenye diski iliyochoka, au ukiuliza DNS jina la anwani fulani na jibu likachukua milisekunde 50, pakiti zimeshaanza kumwagika. Mfano maarufu ni tcpdump yenyewe: usipoweka -n, inaweza kusimama ikitafuta majina ya anwani, na maswali hayo ya DNS yenyewe yanaongeza pakiti kwenye mtandao unaouchunguza.

Pakiti zikimwagika, hakuna kelele. Programu inaendelea vizuri, faili linaandikwa, grafu inachorwa. Ushahidi uko kwenye pcap_stats tu, kwenye hesabu ya zilizodondoshwa, na usipouliza hakuna anayekuambia. Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la waandishi wa programu peke yao. Mtu anachora grafu ya trafiki kwa ajili ya tasnifu, anaona bonde saa fulani, anaandika aya mbili kueleza kwa nini watumiaji walipungua saa hiyo. Kumbe watumiaji walikuwa wengi mno, na programu ndiyo iliyozidiwa. Tafsiri imegeuka kinyume kabisa. Andiko lolote la vipimo vya mtandao lisilotaja hesabu hiyo lisomwe kwa tahadhari.

Utetezi, na wapi unaishia

Najua kuna watakaosema: mbona unailaumu libpcap kwa tofauti za mifumo endeshi? Imebeba BSD, Linux, Solaris, Windows kwa pamoja, ingefanyaje? Hoja ina uzito. Kazi iliyofanywa na watu hawa kwa zaidi ya miaka 30 ni kubwa, na zana nyingi za usalama wa mtandao zimejengwa juu yake. Pia maelezo yao ni ya kweli. Yanataja mapungufu bila kupaka rangi, kitu ambacho si maktaba zote zinafanya.

Lakini maktaba ya kuunganisha mifumo ipo kwa sababu moja: nisijali niko mfumo gani. Pale inaponikabidhi kigezo kimoja chenye tabia tatu, imerudisha mzigo uleule iliyoahidi kunibebea. Ingewezekana kabisa kuwa na wito wa kusubiri wenye kikomo cha kweli, uliojengwa ndani ya maktaba juu ya poll, kevent au chochote kilichopo, na kuiacha ile namba ya bafa ikiwa na jina lake la bafa. Kuandika onyo ni kazi nzuri. Kuondoa mtego ni kazi bora zaidi.

Njia inayofanya kazi

Uhakiki usio na njia mbadala ni malalamiko, kwa hiyo hii hapa. Acha pcap_loop. Fungua kwa pcap_create na pcap_activate ili uweze kupanga vigezo kimoja kimoja. Washa hali ya kutozuia kwa pcap_setnonblock. Kisha chukua namba ya faili ya kadi kwa pcap_get_selectable_fd, na uisubiri kwa poll, pamoja na bomba dogo ulilolifungua mwenyewe kwa ajili ya kuamshwa.

Sasa wale watatu wote wana mlango. Pakiti ikifika, poll inarudi, unaita pcap_dispatch kuchukua zilizopo. Muda wako ukiisha, poll inarudi, unaandika ripoti yako hata kama ni ya sifuri. Mtu akitaka kusimamisha, uzi mwingine au kishika ishara kinaandika baiti moja kwenye bomba, poll inarudi, unafunga. Saa sasa ni yako, si ya bafa.

Mambo manne ya kuangalia. Kwanza, kwenye hali ya kutozuia usitumie pcap_loop, itazunguka bila kupumzika na kula prosesa. Pili, pcap_get_selectable_fd inaweza kurudisha -1 kwa vifaa vingine, na vingine vinahitaji usisubiri zaidi ya muda fulani. Tangu toleo la 1.9.0 kuna pcap_get_required_select_timeout ya kukuambia muda huo. Tatu, Windows haina namba hiyo ya faili, huko unatumia pcap_getevent. Nne, kama unahitaji kila pakiti papo hapo, washa hali ya papo hapo kwa pcap_set_immediate_mode, iliyokuja na 1.5.0. Hiyo inaondoa ukusanyaji, kwa hiyo lipa gharama yake ukijua. Haitakusaidia kwenye kimya: inaharakisha abiria aliyepo, haikupi taarifa kwamba hayupo.

Kazi nzito, kama diski na DNS, itoe kwenye funksheni ya kupokea pakiti. Nakili, weka kwenye foleni, uzi mwingine uishughulikie. Wireshark imeenda mbali zaidi: kunasa kunafanywa na programu tofauti, dumpcap, na dirisha unaloliona ni jingine.

Jaribio la kimya

Ningekuwa nasahihisha programu za kunasa pakiti, ningeanza na jaribio moja kabla ya kusoma hata mstari wa msimbo. Wekea programu kichujio ambacho hakuna pakiti itakayokipita, kwa mfano bandari ambayo hakuna anayeitumia. Iache dakika moja. Je, imeandika ripoti za sifuri kwa wakati? Bonyeza Ctrl na C. Je, imesimama hapohapo, ikafunga faili vizuri na kutaja pakiti ngapi zilidondoshwa? Fanya hivyo kwenye Linux, kisha kwenye mfumo mmoja wa BSD au macOS.

Jaribio halihitaji maabara wala fedha. Linaumiza kwa sababu mifano mingi inayozunguka kwenye vyuo, ikiwemo ile tunayorithishana mwaka hadi mwaka, haitalipita. Programu ambayo imelishinda inaweza kuaminiwa ikisema mtandao umetulia. Nyingine zote, zikinyamaza, hujui kama mtandao ndio ulionyamaza au ni zenyewe zimelala.